Uliza Mwalimu: Msikilize Mgonjwa Kabla ya Daktari

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, niko Dodoma. Najiandaa na mtihani wa OET, ule wa Kiingereza cha wahudumu wa afya, ili niombe usajili Uingereza. Sarufi yangu si mbaya na ripoti za wodi naandika kwa Kiingereza kila siku, lakini watu wakizungumza kwa kasi napotea, na nikifungua mdomo natoka kama kitabu. Mwenzangu alinishauri nitazame tamthilia za wagonjwa na washauri nasaha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nimemaliza msimu wa kwanza wa In Treatment. Nimefurahi, nimelia, ila Kiingereza naona kiko palepale. Tatizo ni nini?
*Muuguzi, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Mwenzako kakushauri vizuri. Tamthilia ile haina magari yanayofukuzana wala muziki wa kufunika maneno. Ni watu wawili chumbani, mara chache watatu, wanaongea karibu nusu saa, basi. HBO walipoianza mwaka 2008 waliirusha usiku tano kwa wiki: Jumatatu mgonjwa huyu, Jumanne yule, hadi Ijumaa ambapo Paul, yule mshauri, naye huenda kuketi mbele ya mshauri wake wa zamani na kuhojiwa. Msimu wa kwanza una sehemu 43. Ukizitazama mfululizo baada ya zamu, mwili umechoka, kitakachobaki kichwani ni hadithi: nani kampenda nani, nani kamdanganya mkewe. Maneno yenyewe yamepita kama mvua juu ya bati.

Halafu naweza kuapa kwamba muda wote ulikuwa unamtazama Paul. Si ajabu, ni mtu wa kazi yako. Lakini Kiingereza cha Paul ni chepesi. Anauliza swali fupi, ananyamaza, anauliza jingine. Maswali yake unaweza kuyakariri jioni moja. Kiingereza kigumu kiko kwenye kochi, kwa mtu aliyelipa pesa aje kusema jambo kisha hataki kulisema. Anatania. Anasifia picha ukutani. Anaanza sentensi tatu na kumaliza moja. Anasema "I'm fine, really", na hiyo "really" ndiyo inayomuumbua. Mgonjwa ndiye mwalimu wako, na ndiye utakayekutana naye ukishavaa sare ya huko.

Wewe unaijua PHQ-9, yale maswali tisa ya kupima sonona. La kwanza limeandikwa "Little interest or pleasure in doing things". Miaka niliyofanya kazi ya ukalimani katika hospitali za Uingereza niliketi sana kwenye mabenchi ya kungojea, nikisikiliza wenyeji wanavyozungumza na wauguzi wao, na sikumsikia hata mmoja akisema hivyo. Wanasema "I can't be bothered". Wanasema "What's the point?" Mzee mmoja alimwambia muuguzi "I've not been quite myself", na binti yake aliyekuwa pembeni akaongeza kwamba baba hajatoka kitandani tangu wiki iliyopita. Waingereza wana tabia ya kupunguza: "a bit low", "not great", "a bit of a rough patch". Mwingereza anayezungumzia huzuni yake akisema "a bit", usiandike "kidogo" kwenye ripoti kabla hujamuuliza tena.

Kuna faida nyingine ya kochi, nayo ni ya sarufi. Vitabu vyetu vya shule vilitufundisha "If he had studied, he would have passed", mfano usiomhusu mtu yeyote aliyewahi kuishi. Mgonjwa anayejuta anaitoa sarufi hiyohiyo bila kufundishwa: "I should have called her." "I could have stopped him." "I wish I'd never said it." Maana yake haitakusumbua, sisi tuna -ngeli- na -ngali- zetu. Kinachosumbua ni sikio. "Should have" ikisemwa haraka inakuwa "shudav", na mara nyingi "shuda" tupu. Ukurasani ni maneno mawili, mdomoni ni pumzi moja. Ukishaizoea utaikuta kila mahali, na utagundua kwamba watu uliodhani wanaongea kwa kasi hawana kasi kiasi hicho, ila wanameza.

Sasa kazi. Chagua dakika tano za sehemu ambayo tayari umeitazama, ili hadithi isikuvute. Ifunike skrini, sikiliza, andika unachosikia hata kama ni vipande. Rudia. Kisha washa maandishi ya Kiingereza ulinganishe, na pigia mstari pale ulipokosa tu. Ulipopata huna haja napo. Kesho yake rudi kwenye dakika zilezile ukiwa mgonjwa. Sema pamoja naye, nyamaza anaponyamaza, panda na ushuke kwa kiimbo chake. Jirekodi kwenye simu. Najua utaona haya kusikia sauti yako, kila mtu huona. Siku ya tatu ndipo uwe muuguzi: simamisha kabla Paul hajauliza, uliza swali lako kwa sauti, halafu mwachie naye aulize la kwake.

Hiyo siku ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na mtihani wako. Sehemu ya kuongea ya OET ni maigizo mawili, kila moja dakika tano hivi, wewe ukiwa muuguzi na mtu mwingine akiigiza mgonjwa au ndugu wa mgonjwa. Tangu 2018 hawapimi lugha peke yake. Wanaangalia pia kama unajenga uhusiano na kama umejali mgonjwa mwenyewe anaionaje hali yake. Mtahiniwa aliyekariri maswali anayauliza yote kwa mpangilio hata pale mgonjwa alipokwisha kudokeza jibu. Aliyemsikiliza mgonjwa anasema "You mentioned your sister a moment ago", na mambo yanafunguka. NMC, wanaosajili wauguzi kule, wanataka B katika kusikiliza, kusoma na kuongea, na C+ katika kuandika. Kuandika hakuwezi kuja kwa tamthilia hata ukitazama mpaka alfajiri, kwa hiyo kutengee muda wake.

Kwa Paul chukua vitu vichache. "I wonder if…" "It sounds as though…" "Can we go back to something you said?" Tazama kwamba mbili za kwanza hata si maswali. Mgonjwa ameachiwa nafasi ya kukataa bila kugombana na mtu.

Jambo moja tamthilia haitakufundisha, na wodini linaweza kuleta maafa. Muulize mtu wetu "Hujala?" Atajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sijala. Kiingereza kinataka "No, I haven't." Sasa daktari anauliza, kwa nia njema na haraka zake: "So you haven't thought about harming yourself?" Mgonjwa wa Kiswahili anajibu "Yes", akimaanisha hajawahi kuwaza hivyo. Au amemaanisha amewaza? Nilipokuwa mkalimani jibu la namna hiyo sikulipitisha. Nilimwomba daktari aulize upya, wazi: "Have you had thoughts of harming yourself?" Na wewe ukiwa upande wa kuuliza, maswali ya kukanusha yaache kabisa, maana wodi za Uingereza zimejaa Wasomali, Wapoland, Wahindi, na sijui kila mmoja wao "yes" yake inaelekea wapi.

Ukichoka na msimu wa kwanza, ruka hadi wa tatu, wa mwaka 2010, umtafute Sunil. Ni mwalimu wa hisabati mstaafu wa Kolkata, amefiwa na mke, ameletwa Brooklyn kukaa kwa mwanawe na mkamwana ambaye hapatani naye. Kaigizwa na Irrfan Khan. Kiingereza cha Sunil kina lafudhi ya Kihindi mwanzo hadi mwisho, kimejaa, kina heshima zake, na hakuna anayemwambia arudie. Hata Gabriel Byrne anayeigiza Paul ni mtu wa Dublin, na Dublin haijamtoka mdomoni. Nayasema haya kwa sababu kila mwezi napokea barua za watu wanaotaka niwafundishe "kuongea puani". Sifundishi hilo.

Mwalimu, habari za kazi? Niko chuo hapa Mombasa, nataka alama 7.5 katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS kwa ajili ya masomo ya uzamili. Natazama tamthilia za afya ya akili kwa sababu somo langu ni saikolojia. Maandishi ya chini niweke ya Kiswahili, ya Kiingereza, au nizime? Na je, kuna maneno mangapi ya kujua ndipo nielewe bila kusimamisha kila dakika? Bundles nazo ni ghali.
*Mwanafunzi, Mombasa*

Nzuri, mwanangu. Ya Kiswahili zima leo. Ukiyasoma, sikio linalala, na hao madijei wanaotafsiri muvi juu kwa juu, ambao nawapenda sana kwa kucheka, ndio watakumalizia kabisa. Weka ya Kiingereza, halafu uyazime kwa sehemu ambazo tayari umezielewa.

Kuhusu maneno, lipo jibu la watafiti. Stuart Webb na Michael Rodgers walipima vipindi vya televisheni vya Uingereza na Marekani na kuchapisha mwaka 2009. Walikuta kwamba anayejua familia 3,000 za maneno ya kawaida (familia ni neno pamoja na maumbo yake, kama "help", "helped", "helpful"), pamoja na majina ya watu na mahali, anayafahamu takriban asilimia 95 ya maneno yanayosemwa. Kufika asilimia 98 inabidi zifike 7,000. Pale 3,000 mtu wa chuo unapo tayari. Kinachokurudisha nyuma si neno geni, ni maneno madogo unayoyajua yakiwa yameshikana: "bottle up", "break down", "shut down", "lash out", "snap out of it". Tamthilia za hospitali za upasuaji zimejaa majina ya dawa na mishipa, nusu yake hata Mwingereza haelewi. Za ushauri nasaha zinatumia maneno ya nyumbani kwa njia zisizo za nyumbani, na huko ndiko band yako ya saba na nusu iliko.

Nakupendekezea This Way Up ya Channel 4. Ina misimu miwili tu, wa 2019 na wa 2021, kila mmoja sehemu sita fupi. Aisling Bea, aliyeiandika, anaigiza Áine, mwanamke wa Ireland anayejaribu kusimama tena London baada ya kuvunjika kiakili. Na kazi yake, sikiliza: anafundisha Kiingereza kwa wageni! Utasikia katika sehemu ileile Áine akiongea polepole na wanafunzi wake, kisha akiongea na dada yake kwa kasi ya kukimbizana, wakikatana maneno, utani juu ya utani, na chini ya utani kuna hofu ambayo wote wawili wanaikwepa. Mtu mmoja, Kiingereza namna mbili. Linganisha hizo mbili tu na umepata kazi ya muhula mzima.

Bundles zisikutishe. Dakika tano ukishazipakua kwa wifi ya chuo, unazo mwezi mzima. Hata sauti peke yake inatosha kwenye matatu.

Assalamu alaykum Mwalimu. Mimi ni Mzanzibari, naishi Maskati. Binti yangu ana miaka 16 na Kiingereza kimemkaa kwa tamthilia za vijana wenye matatizo ya akili. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sasa mwalimu wake akimpa kazi nyingi ni "trauma", mdogo wake ni "toxic", na yeye kila siku "I'm so depressed". Nikimuuliza kwa Kiswahili una nini, ananijibu "sina kitu, mama". Nimkataze?
*Mama Binti, Maskati*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Usimkataze, ila usimwache peke yake na skrini.

La lugha nilimalize kwanza kwa kuwa ni jepesi. Maneno hayo anayatumia kama vijana wa Marekani wanavyoyatumia, kwa hiyo hajakosea kwa rika lake. Atakosea akiyapeleka kwenye insha au kwenye usaili wa chuo. Mpe zoezi: kila akisema "depressed", atafute maneno matatu mengine yanayokaribia hali yake halisi. "Fed up"? "Homesick"? "Worn out"? Kijana anayeweza kutofautisha hayo ana Kiingereza cha juu kuliko anayesema "trauma" mara kumi.

Sasa lililonifanya nisome barua yako mara mbili. Unasema kwa Kiingereza anasema ana huzuni na kwa Kiswahili anasema hana kitu. Wewe umeona Kiingereza ndicho maigizo. Inaweza kuwa kinyume. Lugha ya pili haina uzito wa lugha ya mama. Haina bibi ndani yake, haina aibu, haina "watu watasema nini". Nimeketi vyumbani na watu wazima waliokataa kwa Kiswahili, kisha wakageuka wakamwambia daktari kwa Kiingereza chao cha kuungaunga neno ambalo nyumbani hawakuwahi kulitamka. Kwa hiyo siku akisema tena, usicheke na usimsahihishe. Mjibu kwa lugha aliyotumia yeye, hata kama cha kwako kinachechemea: "How long have you felt like that?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwetu akina mama.

Akisema jambo zito zaidi, kwamba amechoka kuishi au hana maana, usilichukulie kuwa ni maneno ya tamthilia. Muulize wazi kama anawaza kujiua. Wazazi wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtoto wazo. Halimpandikizii, linampa nafasi ya kusema. Na usingoje, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Kuhusu cha kutazama, tamthilia hazilingani. 13 Reasons Why ilipoanza Netflix mwaka 2017 ililalamikiwa sana na madaktari wa akili kwa jinsi ilivyoonyesha kifo cha msichana, na mwaka 2019 Netflix wenyewe waliikata ile sehemu. Kwa mtoto wa miaka 16 mwenye huzuni mimi singeiweka mezani hata baada ya kukatwa. Tazameni pamoja kitu ambacho mtu anaumwa, anapata msaada, na maisha yanaendelea kwa shida zake. Mkiwa pamoja mtakutana na maneno yenyewe ya kufundishana. Mathalani, magazeti mengi ya Kiingereza siku hizi hayapendi "committed suicide", kwa sababu "commit" ni kitenzi cha jinai, nako Uingereza kujiua kulikuwa kosa la jinai hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1961. Wanaandika "died by suicide" au "took her own life". Akijua hilo atakuwa mbele ya waandishi wengi wakubwa kwake.

Niandikie tena, nataka kujua anaendeleaje.

Mwalimu, mimi ni ofisa masoko wa kampuni ya utalii, Arusha. Nimejifunza Kiingereza kwa tamthilia hizo za washauri nasaha unazozisifu. Juzi bosi wangu, Mzungu, alikuja juu kwa sababu ratiba ya wageni ilichelewa. Nikamwambia kwa upole: "I hear that you're angry. How does that make you feel?" Akanitoa ofisini. Nimekosea sarufi?
*Ofisa Masoko, Arusha*

Sarufi iko sawa kabisa, kaka yangu, na nimecheka mpaka chai ikamwagika.

Maneno yale yana mahali pake: chumba kilichofungwa, saa iliyolipiwa, na mtu aliyekuja kwa hiari yake kuulizwa hisia. Nje ya hapo yanasikika kama dharau, kwa sababu umemfanya bosi kuwa mgonjwa. Mwingereza ama Mmarekani anamfanyia mwenzake hivyo kazini pale tu anapotaka kumchokoza. Ndiyo maana nimemwambia muuguzi hapo juu asikilize upande wa kochi. Wagonjwa wa kwenye tamthilia wana mabosi pia, na wakisimulia walivyogombana nao kazini utasikia Kiingereza cha ofisini kama kilivyo: kifupi, kinachokubali kosa, kinachotaja siku.

Mwambie: "Sorry about that, it should have gone out on Monday. You'll have it by Friday." Hiyo "should have" uimeze, iwe "shudav". Na Ijumaa ratiba iwe mezani kwake kabla hajafika.